Kutazama na Kuangalia: Namna ya Kupima Macho ya Msomaji Bila Mashine

Mwalimu akisema, "Tazameni ubaoni," wanafunzi arobaini huinua macho pamoja. Lakini je, wote wanaangalia kitu kimoja? Huenda mmoja anafuata hesabu, wa pili anatazama tarehe iliyoandikwa juu, na wa tatu ameelekeza macho ubaoni huku moyo wake uko uwanjani. Kwa nje wote wanafanana.

Jambo hili si dogo. Tangazo la siku ya mwisho ya kujiandikisha mtihani likibandikwa ukutani, na mwanafunzi akapita mbele yake mara kumi asilione, hasara ni yake mwenyewe. Maelezo ya dawa yakiandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha nzuri, mzazi aweza kumpa mtoto kipimo kisichofaa. Mara nyingi sisi husema, "Hakuangalia." Huenda ni kweli. Lakini huenda pia aliyeandika tangazo aliliweka neno kubwa mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Hatuwezi kujua mpaka tupime. Makala haya yaeleza namna wataalamu wanavyopima, na namna ambavyo sisi shuleni twaweza kupima kwa karatasi, penseli na uvumilivu.

1. JICHO HALIONI YOTE KWA WAKATI MMOJA

Watu wengi hudhani kuwa jicho ni kama dirisha, yaani kila kilicho mbele yake huonekana sawasawa. Sivyo. Kaza macho yako juu ya neno moja katikati ya mstari huu, wala usiyasogeze. Sasa jaribu kusoma neno la kwanza na neno la mwisho la mstari. Utajua kwamba yapo, lakini kuyasoma itakushinda.

Sababu yake ni hii. Nyuma ya jicho pana utando upokeao nuru, uitwao retina. Katikati ya utando huo pana sehemu ndogo sana iitwayo fovea, nayo ndiyo ionayo kwa ukali. Eneo linaloonekana kwa ukali kamili ni kama nyuzi 2 tu. Ukitaka kulijua kwa macho yako, nyosha mkono mbele na utazame ukucha wa kidole gumba: upana wake ni karibu nyuzi 2. Vitu vilivyo nje ya hapo huonekana, lakini kwa ukungu, na kadiri viwavyo mbali na katikati ndivyo ukungu uzidivyo.

Kwa hiyo jicho halina budi kutembea, nalo halitembei polepole kama konokono, bali huruka kama panzi. Hutua mahali pamoja kwa muda wa karibu robo ya sekunde, kisha huruka penginepo. Katika kusoma, miruko hiyo hufika mitatu au minne kila sekunde. Sisi tutaiita vituo na miruko.

Fanya jaribio hili. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Hutaona macho yako yakisogea hata kidogo. Mwambie mwenzako asimame kando akutazame: yeye atayaona yakiruka. Wakati wa mruko, ubongo huzuia tusione mchafuko wa picha. Ndiyo maana mtu hawezi kutegemewa kusema mwenyewe macho yake yalipita wapi. Ukimwuliza, atakujibu kwa moyo safi, na huenda jibu lake lisiwe sahihi.

2. MASHINE ZA ZAMANI

Katika miaka ya karibu na 1879, daktari wa macho wa Ufaransa, Louis Émile Javal, aliandika juu ya kusoma, na mara nyingi hutajwa kuwa ndiye aliyeeleza kwamba macho ya msomaji huenda kwa miruko. Mwaka 1898 Mmarekani Edmund Huey alitumia kikombe kidogo cha plasta chenye tundu, akakibandika juu ya jicho la msomaji, na kikombe hicho kikavuta kijiti cha alumini kilichochora mwendo wa jicho. Bila shaka kazi hiyo haikuwa ya raha kwa mwenye jicho. Mwaka 1901 Raymond Dodge na mwenziwe walipata njia iliyo bora: walipiga picha za mwanga uliorudishwa na jicho, wasiliguse jicho lenyewe.

Mwaka 1935 Guy Buswell wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa kitabu juu ya namna watu wanavyotazama picha. Baadaye, huko Urusi, Alfred Yarbus alifanya kazi ambayo hata leo hutajwa katika kila somo la namna hii. Kitabu chake kilitoka mwaka 1965. Alichukua picha ya mchoraji Ilya Repin, imwonyeshayo mtu aliyerudi nyumbani kwake bila kutazamiwa. Akamwonyesha mtu mmoja picha hiyo hiyo mara kadhaa, kila mara akimpa swali jingine. Alipoulizwa umri wa watu waliomo, macho yalikwenda kwenye nyuso. Alipoulizwa juu ya utajiri wa nyumba, macho yalikwenda kwenye mavazi na vyombo. Picha ni moja, jicho ni moja, lakini swali limebadilika, na njia ya macho ikabadilika nalo.

Walimu na waangalie jambo hili. Ukimwonyesha mwanafunzi mchoro wa moyo na kusema tu, "Utazameni," macho yake hayana mwongozo. Ukimwambia, "Tafuteni njia ya damu itokayo mapafuni," umeyapa macho kazi.

Mashine za siku hizi hutumia mwanga usioonekana kwa macho pamoja na kamera kali. Ni nzuri, lakini zile za maabara huuzwa kwa maelfu ya dola, na mtu hana budi kuja kukaa mbele yake. Kwa hiyo wataalamu waliuliza: je, hatuwezi kuwapima watu wengi, kila mmoja akiwa kwake mbele ya kompyuta ya kawaida, kwa njia ya intaneti?

3. NJIA NNE ZA KUPIMA KWA INTANETI

Njia ya kwanza ni kufuata kipanya cha kompyuta. Mtu anaposoma, mara nyingine mkono wake husogeza mshale karibu na mahali macho yalipo. Njia hii ni rahisi, lakini ni dhaifu, kwa sababu watu wengi huuacha mshale mahali pamoja huku macho yao yakizunguka.

Njia ya pili ni kuifunika picha kwa ukungu. Kompyuta huonyesha picha isiyo wazi, na mtu akisogeza mshale au akibonyeza mahali, duara dogo la mahali hapo hufunguka na kuwa wazi. Hapo mkono hufanywa kuwa jicho: mtu hawezi kuona kwa ukali mpaka achague mahali. Kila anapochagua, kompyuta huandika. Mwaka 2015 wataalamu waliokuwa Singapore walitumia njia ya namna hii kukusanya alama za picha 10,000, wakaiita SALICON. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza njia ya kubonyeza iitwayo BubbleView, wakaonyesha kwamba mahali watu wanapobonyeza hukaribiana sana na mahali macho yanapotua. Tofauti iliyopo ni kwamba mkono ni mzito kuliko jicho. Mtu anayebonyeza hufikiri kwanza, lakini jicho huruka kabla ya kufikiri.

Njia ya tatu ni ya werevu sana, nayo ilielezwa mwaka 2012 na Dmitry Rudoy na wenzake. Mtu huonyeshwa picha au sinema. Ghafula picha hutoweka, na mahali pake hutokea, kwa muda mfupi mno, jedwali lililojaa alama za herufi na tarakimu. Kisha mtu huulizwa, "Umesoma alama gani?" Kwa kuwa hakupata nafasi ya kusogeza macho, atataja ile iliyokuwa mahali alipokuwa akitazama. Aliyeulizwa amesema "K7," basi macho yake yalikuwa mahali pa K7. Hapana kamera wala mashine. Mtu mwenyewe ndiye shahidi, lakini shahidi asiyeweza kubuni.

Njia ya nne ni kutumia kamera ndogo iliyomo katika kompyuta. Programu iitwayo WebGazer, iliyotolewa mwaka 2016 na watu wa Chuo Kikuu cha Brown, hutazama macho ya msomaji kwa kamera hiyo na kukisia anatazama wapi. Hujisahihisha kila mtu anapobonyeza, kwa kuwa mara nyingi mtu hutazama pale anapobonyeza. Lakini kamera hizo si kali, na mwanga wa vyumba vya watu hutofautiana. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kosa la karibu nyuzi 4, yaani upana wa vidole gumba viwili vilivyowekwa pamoja mbele ya mkono ulionyoshwa. Kosa la kiasi hicho halizuii kujua kama mtu anatazama picha au maandishi yaliyo kando, lakini haliwezi kukuambia anasoma neno gani.

4. JARIBIO LA DARASANI

Njia ya pili na ya tatu twaweza kuzifanya bila kompyuta wala umeme.

Kwa ile ya ukungu, chukua karatasi nyembamba ya kunakili ramani, uitoboe tundu la duara lenye upana wa sm 2. Iweke juu ya mchoro au tangazo. Chini ya karatasi mambo yataonekana kwa ukungu, na katika tundu yataonekana wazi. Mpe mwenzako aisogeze apendavyo kwa nusu dakika, nawe andika kwa utaratibu mahali anaposimama: kwanza wapi, pili wapi, tatu wapi.

Kwa ile ya jedwali, fuata hatua hizi:

(a) Kata vipande vitatu vya karatasi ya manila, kila kimoja sm 20 kwa sm 30. Cha kwanza andika tangazo lako. Cha pili kigawe miraba 24 ya sm 5 kila upande, na katikati ya kila mraba andika alama moja, kama B4 au M9, kwa herufi za urefu wa mm 4. Alama zote ziwe mbalimbali. Cha tatu kiache kitupu.

(b) Mwenzako akae umbali wa sm 60. Kwa umbali huo nyuzi 2 ni karibu sm 2, kwa hiyo ataweza kusoma vizuri alama zilizo karibu tu na mahali anapotazama.

(c) Liweke jedwali nyuma ya tangazo. Mwonyeshe tangazo kwa sekunde 3. Kisha livute upande kwa haraka, jedwali lionekane kufumba na kufumbua, ulifunike mara moja kwa kipande kitupu.

(d) Mwulize ni alama gani aliyoisoma wazi kuliko zote. Iandike, wala usimsahihishe.

(e) Kila mtu hutoa alama moja kwa kila jaribio. Kabla ya kumjaribu tena, badili jedwali, asije akakumbuka.

Usimwambie mtu mapema ni neno gani unalolipima. Kumbuka Yarbus: ukimpa swali, umekwisha yaongoza macho yake.

5. HESABU YAKE

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tuende taratibu. Namba zifuatazo ni za mfano tu.

Tuseme tuna wanafunzi 80, tumewagawa kwa kura katika makundi mawili ya watu 40. Kundi la kwanza limepewa tangazo A, ambalo neno kubwa limeandikwa katikati kwa wino wa kawaida. Kundi la pili limepewa tangazo B, ambalo neno lile lile limeandikwa pembeni juu, kwa wino mwekundu. Katika kila tangazo neno limechukua miraba 3 kati ya 24.

Kama macho yangeanguka ovyo, tungetazamia sehemu 3/24, yaani 1/8, ya watu kutaja miraba hiyo. Moja ya nane ya 40 ni 5. Tumepima, na katika tangazo A watu 11 wametaja miraba ya neno. Katika tangazo B, watu 10. Mwenye haraka atasema, "A limeshinda kwa mtu mmoja."

Ngoja kidogo. Watu wana desturi ya kutazama katikati ya karatasi, hata kama hapana kitu. Kwa sababu hiyo ilitupasa kwanza kuwaonyesha karatasi tupu badala ya tangazo, na kuwauliza vile vile. Tuseme kwa karatasi tupu, miraba ile 3 ya katikati ilitajwa na watu 9, na miraba ile 3 ya pembeni ilitajwa na mtu 1. Sasa toa:

Tangazo A: 11 − 9 = 2
Tangazo B: 10 − 1 = 9

Neno la tangazo A halikuvuta macho ila kidogo. Lilikaa tu mahali ambapo macho yalikuwa yamekwisha kwenda. Neno la tangazo B liliyaita macho mpaka pembeni. Je, tuseme B ni bora? La, bado hatujapata haki ya kusema hivyo, kwa maana jumla yake haikupita ile ya A. Jambo la busara ni kuandika tangazo C, lenye wino mwekundu wa B katika mahali pa A, na kulipima na lenyewe. Tena tofauti ndogo kati ya watu 40 yaweza kuwa bahati tu. Rudia kazi kwa darasa jingine kabla ya kutangaza matokeo.

Msomaji ameona faida ya karatasi tupu. Bila kipimo cha kulinganisha, namba zaweza kutudanganya huku zikiwa za kweli.

6. MACHO SI MOYO

Sasa yapasa tuseme wazi mpaka wa elimu hii. Mahali macho yalipo si lazima pawe mahali mawazo yalipo. Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliona kwamba mtu aweza kukaza macho mahali pamoja huku akizingatia mahali pengine. Mwaka 1980 Michael Posner alieleza majaribio yaliyopima jambo hilo kwa sehemu ndogo za sekunde: watu walijibu upesi zaidi kwa kitu kilichotokea mahali walipotarajia, ijapokuwa macho hayakusogea.

Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu sinema ya wachezaji wanaopasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe akapita kati ya wachezaji. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Mwaka 2006 Mjerumani Daniel Memmert aliirudia kazi hiyo huku akipima macho. Akaona kwamba hata wale waliosema hawakumwona sokwe, macho yao yalikuwa yametua juu yake kwa jumla ya karibu sekunde nzima. Walimtazama, lakini hawakumwona.

Basi mzazi anayemwona mtoto amekaa na kitabu saa mbili asidhani kwamba amepima kusoma kwake. Na mwalimu anayemwona mwanafunzi akitazama dirishani asikimbilie kumwadhibu kabla ya kumwuliza swali la somo. Pengine atajibu vizuri, na jirani yake aliyekaza macho ubaoni atashindwa. Kupima macho hutuonyesha mlango ambao maarifa yangeweza kupita. Kama yamepita kweli, hatujui mpaka tuulize. Kwa hiyo katika jaribio letu ongeza swali moja mwishoni: "Tangazo limesema nini?" Linganisha alama za macho na majibu.

7. RUHUSA

Jambo la mwisho ni la adabu. Wahenga wamesema macho hayana pazia, lakini hiyo si ruhusa ya kumchungulia mtu. Njia ya karatasi yahitaji idhini ya mwenzako tu. Mwambie unapima tangazo, wala si akili yake, na asipotaka mwache. Matokeo yaandikwe kwa namba, si kwa majina.

Njia ya kamera yahitaji hadhari zaidi. Kompyuta au simu ikiuliza kama ifungue kamera, usibonyeze "kubali" kwa mazoea. Uliza kwanza: ni nani atakaye kuona, kwa kusudi gani, na picha itakwenda wapi? Programu nyingine hufanya hesabu zote ndani ya kompyuta yako bila kupeleka picha popote, na nyingine sivyo. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Uso wako na mwendo wa macho yako ni taarifa zako. Wanaouza bidhaa hutaka sana kujua macho ya watu hutua wapi, nao hawatafuti hayo kwa ajili ya mtihani wa shule.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini jicho halina budi kuruka-ruka wakati wa kusoma.
2. Katika njia ya jedwali la alama, kwa nini jedwali huonyeshwa kwa muda mfupi mno? Litaharibika nini likionyeshwa kwa sekunde 5?
3. Neno limechukua miraba 4 kati ya 24, na watu waliopimwa ni 30. Kama macho yangeanguka ovyo, ungetazamia wangapi wataje miraba hiyo?
4. Karatasi tupu ina faida gani katika jaribio letu?
5. Chagua tangazo moja lililoko ukutani mwa shule yetu, ambalo kutolisoma kwaweza kumletea mwanafunzi hasara. Lipime kwa njia mojawapo. Ukiona macho hayafiki kwenye neno kubwa, liandike upya, ulipime tena, kisha umpelekee mwalimu wa zamu matangazo yote mawili pamoja na hesabu zako.